Mashine Isiyo na Kazi Moja: Kompyuta, Mchezo na Dola Tangu 1974

Kuna aina ya kompyuta iliyoingia sokoni miaka hii michache ambayo Kiswahili bado hakijaipa jina, na nadhani hata wanaoiuza hawajakubaliana waiite nini. Ukiikuta mezani ni kishikwambi cha kawaida, chenye kioo cha inchi kumi au kumi na moja. Ukiipachika kibodi inakuwa kompyuta mpakato yenye Windows kamili. Ukiondoa kibodi na kuichomekea pedi mbili ubavuni, moja kulia na nyingine kushoto, inakuwa mashine ya gemu ya kushika mkononi. OneXPlayer X1, iliyotoka mwaka 2024, ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Kabla yake ilikuwapo Legion Go ya Lenovo (2023), Steam Deck ya Valve (Februari 2022), na nyuma zaidi GPD Win ya mwaka 2016, kompyuta ndogo kabisa iliyotoka Shenzhen kwa fedha za wanunuzi waliochangia kabla haijatengenezwa. Nintendo Switch ya Machi 2017 haikuwa kompyuta kwa maana hii, lakini ndiyo iliyowazoesha mamilioni ya watu wazo kwamba kifaa kinaweza kubadili umbo na kazi mikononi mwa mwenye nacho.

Sikusudii kukitathmini kifaa hiki. Wapo vijana wanaofanya hivyo kwa ufundi kuliko mimi. Kinachonishughulisha ni swali ambalo kifaa hiki kinalichokoza, na ambalo dola yetu imekuwa ikiliuliza kila mashine inayofika bandarini kwa zaidi ya miaka hamsini: hii ni ya kazi gani? Swali linaonekana dogo, la karani wa forodha. Hoja yangu ni kwamba majibu tuliyolipa ndiyo yaliyoamua, kwa sehemu kubwa, ni mashine zipi zinafika mahali kama Mwamapalala na zipi haziwezi kufika.

Mwamapalala ni kata ya Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Hadi mwaka 2012 ilihesabiwa katika Bariadi, na Bariadi yenyewe ilikuwa Shinyanga. Ni nchi ya pamba, ng'ombe na mtama, na maisha yake ya fedha yanafuata msimu wa pamba. Nimeichagua kwa sababu rahisi: katika kaya ya mkulima wa pamba, ikitokea fedha ya kununua mashine, itanunuliwa mashine moja. Mtu wa mjini anayemiliki simu, kishikwambi, kompyuta mpakato na PlayStation ndiye anayeweza kukiona kifaa cha kazi tatu kuwa anasa. Kwa anayenunua mara moja katika miaka kumi, ndicho cha kwanza kustahili kufikiriwa.

Turudi nyuma. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, kwa ajili ya mahesabu ya serikali. Kufikia mwaka 1974 kompyuta zote za Tanzania hazikuzidi kumi. Mfumo wa kuendesha hesabu za Hazina kwa kompyuta ulikuwa umeshindwa vibaya: hesabu zilichelewa, hazikuaminika, na hatimaye kazi ilirudishwa kwenye njia za zamani. Mwaka huo serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na, katika amri hiyohiyo, televisheni.

Wanaoikumbuka amri hii hupenda kuicheka. Mimi siicheki. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla tangu mwishoni mwa 1973, ukame ulikuwa umeikausha nchi, na fedha za kigeni zilikuwa zikitumika kununua chakula. Serikali iliyotoka kuangushwa na mashine ya gharama kubwa iliyoendeshwa kwa utaalamu wa kukodi ilikuwa na kila sababu ya kujihadhari. Kinachostahili kuchunguzwa ni jozi yenyewe. Kwa nini kompyuta na televisheni ziwe pamoja? Moja ilikuwa mashine ya mahesabu, nyingine ya burudani. Amri ilizifunga kamba moja kwa sababu, machoni pa mpangaji wa uchumi wa wakati ule, mashine ambayo kazi yake haikuthibitika ilikuwa anasa, na anasa ni anasa iwe inahesabu au inachezesha picha. Kichekesho, kama kipo, ni kwamba Zanzibar, ndani ya Muungano huohuo, ilikuwa imeanzisha televisheni ya rangi miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1970, wakati Bara ikasubiri hadi 1994.

Marufuku ya kompyuta ilianza kulegezwa katika miaka ya 1980 na kufa miaka ya 1990. Lakini fikra iliyokuwa chini yake haikufa nayo. Mashine iliendelea kutakiwa kujieleza: wewe ni wa kazi au wa mchezo?

Sasa tazama mambo yalivyokuwa upande wa pili wa dunia katika miaka hiyohiyo. Mwaka 1969 mtafiti mmoja wa Bell Labs nchini Marekani, Ken Thompson, alikuwa na gemu lake aliloliandika mwenyewe la kurusha chombo miongoni mwa sayari. Kulicheza kwenye kompyuta kubwa ya ofisi kulikuwa ghali, akalihamishia kwenye PDP-7, mashine ndogo iliyokuwa haina mtumiaji. Ili gemu liende ikabidi ajitengenezee zana, na zana zile zikawa mwanzo wa mfumo uliokuja kuitwa Unix. Miaka ishirini na miwili baadaye, mwaka 1991, mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaandika Linux kwa kuufuata mfano wa Unix. Na juu ya Linux ndiko ilikojengwa Android. Kwa hiyo mtumishi wa umma anayejaza taarifa kwenye simu au kishikwambi cha Android anatumia kitu ambacho babu yake alizaliwa kwa sababu mtu mzima mwenye ajira alitaka kucheza. Steam Deck niliyoitaja pale juu nayo inaendeshwa na Linux. Mjukuu amerudi kwenye shughuli ya babu.

Mwaka 1972 Alan Kay wa maabara za Xerox kule California alichapisha andiko kuhusu kompyuta aliyoiita Dynabook: nyembamba kama daftari, ya kubebwa na mtoto, ya kusomea, kuchorea, kuandikia programu na kuchezea. Haikuwezekana kutengenezwa wakati ule. Nalitaja kwa sababu ya tarehe. Miaka miwili kabla ya amri yetu ya 1974, kulikuwa tayari na mtu anayesema hadharani kwamba kompyuta yenye maana zaidi kwa jamii ni ile isiyotenganisha mchezo na kazi, na kwamba mtumiaji wake wa kwanza ni mtoto. Sisi tulikuwa tukiamua kuhusu kompyuta ya Hazina. Yeye alikuwa akizungumzia mashine nyingine kabisa, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kutuletea habari zake.

Mtu anaweza kunijibu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, kwamba jamii yetu ya wakulima ilijua kazi ni kazi na mchezo ni mchezo. Hapo ndipo ninapokataa, na ushahidi wangu ni wa Usukumani. Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Vikundi vya kulima kwa pamoja viliingia shambani na ngoma, na jembe lilelile lililovunja ardhi ndilo lililorushwa, kuzungushwa na kudakwa kwa mapigo. Mtu hakuacha jembe la kazi nyumbani ili achukue jembe la mchezo. Lilikuwa moja, na ustadi wa mkono katika upande mmoja ulisaidia upande mwingine. Baada ya mavuno Bagalu na Bagika walishindana kwa ngoma, na sifa ya mshindi haikuishia uwanjani. Wazee waliokaa chini ya mti wakicheza isolo, bao la Wasukuma lenye safu nne za vishimo, walikuwa wakifanya hesabu za kichwa ambazo mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angehitaji karatasi kuzifanya. Waliotutenganishia jembe na ngoma walikuja baadaye: mmisionari aliyeiona ngoma kuwa upagani, na bwana shamba wa kikoloni aliyepima ekari. Dola huru ikarithi kipimo cha ekari.

Narudi bandarini. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi Januari 2005, na ushuru wake wa pamoja uliwekwa katika ngazi tatu: sifuri, asilimia 10 na asilimia 25, kisha mwaka 2022 ikaongezwa ngazi ya asilimia 35. Kompyuta zimewekwa chini ya kichwa 8471, pamoja na zile za kubebeka zisizozidi kilo 10, na ushuru wake wa forodha ni sifuri. Mashine za gemu zimo katika kichwa 9504, ndani ya sura ya 95, sura ya wanasesere na vifaa vya michezo, na ushuru wake ni asilimia 25. Mpangilio wa vichwa hivi ni wa dunia nzima. Viwango ndivyo vyetu. Kanuni ya jumla inamtaka ofisa, akikutana na mashine yenye kazi nyingi, atafute kazi yake kuu. Mtolee mezani ile OneXPlayer ikiwa na kibodi, kisha mtolee ikiwa na pedi, umwulize kazi kuu ni ipi.

Swali hilo limewahi kufika mahakamani, na si kwetu. Sony ilipoiingiza PlayStation 2 Ulaya mwaka 2000 iliiambatanisha na programu ndogo ya kuandikia lugha ya BASIC, na ikadai kwamba kilichoingizwa ni kompyuta. Forodha ya Uingereza iliwahi kuafiki. Tume ya Ulaya ikapinga na mwaka 2001 ikatoa kanuni ya kuipanga kuwa mashine ya gemu. Septemba 2003 mahakama ya Ulaya mjini Luxembourg ikaifuta kanuni ile. Kampuni yenye wanasheria iliweza kubishana miaka mitatu juu ya neno "kazi kuu". Mwanafunzi wa Itilima anayeagiza kifaa kimoja kupitia kwa jamaa aliye Dar es Salaam atakilipia alichoambiwa.

Ndani ya nchi, kodi nazo zimeyumba kwa namna yake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, kwa hoja kwamba wananchi wengi zaidi wafikiwe na intaneti. Mwaka uliofuata msamaha ukaondolewa, kwa maelezo kwamba bei madukani hazikushuka. Hoja ya pili ilikuwa na ukweli ndani yake. Wafanyabiashara wetu si watakatifu. Lakini mwaka mmoja ni muda mfupi mno kwa duka la Bariadi kumaliza hata mzigo wa zamani, sembuse kupunguza bei.

Ni mwaka huohuo wa 2022 ambapo mashine ya kisasa ilifika kweli Mwamapalala kwa wingi, na ilifika kama mashine ya dola. Sensa ya watu na makazi ya tarehe 23 Agosti 2022 iliendeshwa kwa vishikwambi. Wengi wetu tulilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza wakati ule. Leo halimshangazi mtu. Karani alipita nyumba kwa nyumba, akabonyeza, na mkoa wa Simiyu ukapata idadi yake: watu 2,140,497, kutoka 1,584,157 mwaka 2012. Kabla mwaka haujaisha vishikwambi karibu laki tatu, vikiwemo vilivyotumika kwenye sensa, vikaanza kugawiwa walimu. Hapa dola yenyewe, bila kukusudia, ilitenda kile ambacho vichwa vyake vya forodha havikijui: ilichukua mashine ya kuhesabu watu ikaifanya mashine ya kufundishia. Kifaa kilekile, kazi nyingine. Niliusifu uamuzi ule na bado nausifu.

Hata hivyo, mgawo ule una kikomo chake. Kishikwambi kilikabidhiwa mwalimu kwa saini, kikiwa mali ya serikali yenye namba. Mtu aliyetia saini hana hamu ya kukiweka mikononi mwa watoto arobaini wenye vumbi la chaki, hata kama chaki yenyewe imetengenezwa Maswa. Kikianguka, atalipa yeye. Matokeo yake ni kwamba mara nyingi kifaa kinabaki kwa mwalimu, kikijaza takwimu na kufungua mitaala, na mwanafunzi anakijua kwa kukitazama.

Kwamba ingeweza kuwa vingine, tuna ushahidi ndani ya nchi hii. Kati ya 2017 na 2019 mkoa wa Tanga ulikuwa uwanja wa shindano la dunia lililoitwa Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 3,000 katika vijiji zaidi ya 140, wengi wao wakiwa hawajawahi kuingia darasani, walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu. Programu zile zilikuwa michezo: kugusa herufi, kupanga silabi, kushinda hatua moja ili ifunguke nyingine. Hapakuwa na mwalimu. Palikuwa na kituo cha kuchajia kwa umeme wa jua na mtu wa kukilinda. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka kwa nusu. Mwezi Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10, na programu za waliofika fainali zikaachwa wazi ili yeyote azitumie. Siwasimulii haya kuwashangilia matajiri walioweka fedha. Nina mashaka yangu na elimu inayoamuliwa Los Angeles, na mtoto bila mwalimu si lengo la kujivunia. Nasimulia kwa sababu ya kifaa. Vishikwambi vile vilikuwa Pixel C vya Google, vilivyobuniwa mwaka 2015 kupachikwa kibodi ya sumaku na kuwa kama kompyuta mpakato. Babu wa karibu wa mashine ninayoizungumzia alishakaa Tanga miezi 15, mikononi mwa watoto, akifundisha kwa mchezo, na watoto wakasoma.

Wakati huohuo kuna mashine nyingine ya mchezo iliyosambaa vijijini na kwenye miji midogo bila msaada wa wizara yoyote. Ni ile ya kamari ambayo mitaani inaitwa dubwi. Inatawaliwa na sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003, ina Bodi yake, na sheria inawazuia walio chini ya miaka 18. Angalia lugha inavyotusaliti hapa: kwa karani, "mchezo" wa dubwi na "mchezo" wa mtoto wa Tanga vinaweza kuandikwa kwa neno moja. Ilhali dubwi ndiyo mashine iliyotii kikamilifu swali la dola. Ina kazi moja tu. Inameza sarafu. Huwezi kuiandikia barua, huwezi kuifungua uone inavyofikiri, huwezi kuifundisha kitu. Kijana wa mnadani anazo, kwa hiyo, mashine mbili za kuchagua: ya serikali asiyoruhusiwa kuigusa, na ya kamari anayokaribishwa kuigusa kadiri mfuko wake unavyoruhusu. Katikati yake pamebaki wazi, ukiacha simu na kibanda cha gemu cha kulipia kwa dakika.

Je, kifaa cha kazi tatu kinaweza kukaa pale katikati? Tupige hesabu ya pamba. Steam Deck ya bei ya chini ilitoka ikiuzwa dola 399, na Valve haina mauzo rasmi Tanzania, kwa hiyo juu ya bei hiyo weka usafiri na faida ya Kariakoo. Tukichukua dola kuwa shilingi 2,600, ni zaidi ya shilingi milioni moja kabla ya nyongeza yoyote. Tukichukua kilo ya pamba kuwa shilingi 1,150, ni kilo 900 na ushei. Mkulima anayevuna kilo 250 kwa ekari anahitaji karibu ekari nne, bila kutoa dawa, mbegu wala ada ya shule. OneXPlayer ni ghali zaidi ya mara mbili. Hakuna kaya ya kawaida ya Mwamapalala itakayofanya hivyo, na mimi singeishauri. Upande wa umeme hesabu ni nzuri zaidi: kichakato cha Steam Deck kinatumia kati ya wati 4 na 15, ambazo paneli ndogo ya jua inazimudu, wakati kompyuta ya mezani ya maabara ya shule hutaka mara kumi ya hizo na hunyamaza umeme unapokatika. Shule inayopanga maabara leo ingepaswa kuanza na namba hizo kabla ya kuagiza mashine ishirini za mezani.

Kwa hiyo, kwa sasa, mashine ya katikati haitatoka dukani. Itatoka kwenye kile kilichopo tayari. Vishikwambi vya 2022 vinazeeka: betri zinachoka, programu mpya zinavikataa, na sensa nyingine haitarajiwi kabla ya 2032. Katika miaka michache ijayo maelfu ya vifaa hivyo vitakuwa kwenye orodha za kuondolewa katika halmashauri zote. Kibodi ya kuchomeka ni ya bei ndogo Kariakoo, pedi ya gemu pia, na programu za Tanga bado ziko wazi na ni za Kiswahili. Klabu ya shule ya sekondari ingeweza kupewa vifaa hamsini, bila saini ya kumtisha mwalimu, ikaruhusiwa kuvifungua, kuviharibu baadhi, na kuunda gemu la isolo likitokea la kuundwa. Kanuni za mali chakavu za serikali zinajua mnada, zinajua kuteketeza, na zinajua kuhamisha mali kutoka taasisi moja ya umma kwenda nyingine. Kwa Itilima uamuzi huo utafika Lagangabilili, kwenye meza ya ofisa fulani, ndani ya jalada la vifaa vilivyokwisha muda, na kwenye fomu patakuwa na nafasi ya kujaza matumizi yanayokusudiwa.